Trekta Dogo kwa Boma: Linganisha Kwanza, Uza Ng'ombe Baadaye



Kila baada ya ukame, swali moja hurudi bomani: tuuze baadhi ya ng'ombe tununue trekta dogo? Swali hili ni la haki. Waliopoteza mifugo kaskazini mwa Tanzania mwaka 2009, na tena mwaka 2021 na 2022, waliona jinsi ng'ombe anavyokufa miguuni pa mwenyewe huku nyasi zilizokuwepo miezi minne nyuma zimekanyagwa na kuisha. Mwenye nyasi zilizokatwa na kufungwa, na mwenye njia ya kuleta maji, alikuwa na nafasi ya kuokoa wanyama wachache wa kuanzia upya.

Lakini trekta linalonunuliwa vibaya nalo huua kundi. Haliui kwa njaa. Linaliua sokoni, ng'ombe mmoja mmoja, kwa ajili ya dizeli, tairi, vipuri na deni. Katika kata ninayofanyia kazi lipo boma lililouza madume na mitamba likanunua pawatila kwa ajili ya kulima udongo mkavu na kubeba maji mlimani. Msimu wa pili ilikuwa imesimama chini ya mgunga, kuku wanataga juu ya kiti chake. Mashine ile haikuwa mbovu. Ilinunuliwa kwa kazi isiyo yake.

Somo hili litakusaidia kulinganisha kabla ya kutoa fedha. Msomee na asiyejua kusoma, kisha mjadili kama familia.

1. ANZA NA KAZI, USIANZE NA BEI

Kaeni chini mtaje kazi ambazo mashine itafanya, na kila kazi itachukua siku ngapi kwa mwaka. Kwa maboma mengi kazi ni hizi: kulima shamba la mahindi na maharage, kutayarisha eneo la kupanda nyasi, kukata nyasi, kubeba nyasi na kubeba maji.

Tuchukue nyasi kama mfano. Wakati wa ukame kundi kubwa huhama na vijana. Wanaobaki nyumbani ni ng'ombe wa maziwa, ndama na wanyama dhaifu. Tuseme wanabaki ng'ombe 10. Ng'ombe wa asili mwenye kilo 250 hula takriban kilo 6 za nyasi kavu kwa siku.

Ng'ombe 10 mara kilo 6 mara siku 60 ni kilo 3,600.

Robota la kilo 15 likitumika, hayo ni marobota 240. Ongeza yatakayomwagika na kuharibika, weka 300. Hizo ni tani 4 na nusu. Ekari moja ya nyasi zilizoota vizuri na kupata mvua ya wastani inaweza kutoa tani 1 hadi 2 za nyasi kavu, ila mwaka wa mvua mbaya haifiki hapo. Kwa hiyo unahitaji ekari 3 hadi 5 zilizozungushiwa uzio wa miiba na kulindwa kama alalili.

Sasa angalia kazi ya trekta hapo. Nyasi za kudumu kama senkrasi na nyasi za Rhodes zikishika vizuri hukaa miaka kadhaa bila kulimwa tena. Kwa hiyo kulima ni siku moja au mbili, tena si kila mwaka. Kukata na kubeba ni siku chache. Marobota 300 yanaweza kufungwa kwa sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 85, upana 55 na kimo 45, bila injini yoyote.

Maana yake nini? Kwa nyasi peke yake, boma moja halihitaji kumiliki trekta. Linahitaji kulikodi kwa siku chache, kwa wakati unaofaa. Kama kuna sababu ya kununua, itatoka kwenye kazi nyingine za mwaka mzima, hasa usafirishaji, au kwenye maboma kadhaa kuungana.

2. AINA TATU ZA MASHINE

Pawatila. Hii ni mashine ya magurudumu mawili, dereva hutembea nyuma yake au hukaa kwenye kiti kidogo. Nyingi zina injini ya dizeli ya nguvu farasi 12 hadi 16. Hutumia mafuta kidogo na vipuri vyake ni rahisi. Ilitengenezwa kwa majaruba ya mpunga na udongo laini wenye maji, na huko hufanya kazi vizuri. Wakati wa Kilimo Kwanza, kuanzia mwaka 2009, zilipelekwa wilaya nyingi, zikiwemo za ukanda mkavu. Kwenye udongo uliokauka na kukanyagwa na ng'ombe huruka juu juu, visu huisha upesi, na dereva huchoka kabla ya mashine. Kwenye barabara tambarare inaweza kuvuta tela dogo.

Kuna hatari moja ambayo muuzaji huenda asikuambie. Pawatila nyingi hukata kona kwa kubana klachi ya upande. Ukiwa tambarare, ukibana ya kushoto inakwenda kushoto. Ukiwa unateremka mlima huku tela linakusukuma, ukibana ya kushoto inaweza kukupeleka kulia, kwa sababu gurudumu lililoachiwa ndilo linalokimbia. Watu wameumia hivyo. Kama njia yako ya maji ina mteremko mkali, acha pawatila.

Trekta dogo la magurudumu manne. Hili huwa na nguvu farasi 20 hadi 35 na uzito wa karibu tani moja au zaidi kidogo. Linavuta haro nyepesi, mashine ya kukata nyasi na tela la tani moja hadi moja na nusu. Linapita kwenye mlango mwembamba wa boma na kugeuka mahali padogo. Kwa kulima ardhi ngumu kwa mara ya kwanza, linahitaji udongo wenye unyevu na plau dogo. Usilitegemee kuvunja udongo mweusi wa mbuga uliokauka.

Trekta la kati. Hili huwa na nguvu farasi 45 hadi 75 na uzito wa tani mbili au zaidi. La nguvu farasi 45 au 50 huvuta plau la diski mbili, na la nguvu farasi 70 au 75 huvuta plau la diski tatu. Ndilo linalolima mashamba ya kukodishwa katika vijiji vingi. Lina nguvu na uzito wa kutosha, lakini likisimama bila kazi hasara yake ni kubwa zaidi.

Usisahau aina ya nne ambayo tayari unayo. Maksai wawili waliofundishwa na plau la kukokotwa hulima ekari chache za familia, na punda wenye mkokoteni hubeba maji. Hawahitaji dizeli, na maksai akizeeka bado ana bei sokoni.

3. MAMBO NANE YA KULINGANISHA

Ukienda kwa muuzaji, chukua daftari. Andika majibu ya kila mashine upande mmoja, uyaone pamoja.

Kwanza, nguvu inayofika kwenye kazi. Namba ya HP iliyoandikwa kwenye boneti ni ya injini. Nguvu inayofika kwenye shafti ya nyuma, ambayo mafundi huiita PTO, huwa pungufu. Mashine ya kukata nyasi hutumia nguvu hiyo. Uliza zote mbili. Uliza pia kama shafti inazunguka mara 540 kwa dakika, kwa sababu vifaa vingi vimetengenezwa kwa mwendo huo.

Pili, uzito. Trekta jepesi lenye injini kubwa huzungusha tairi pale pale. Pia huweza kusukumwa na tela lake wakati wa kuteremka. Lita 1,000 za maji ni tani moja kamili kabla ya kuhesabu tangi na tela.

Tatu, magurudumu yanayovuta. Linalovuta kwa magurudumu yote manne ni ghali zaidi na lina vyuma vingi vya kutunza, lakini huvuka korongo la mchanga na tope la mbuga. Kama njia yako ni ngumu na kavu mwaka mzima, la magurudumu mawili linatosha.

Nne, tairi. Nchi yetu ni ya migunga. Uliza tairi lina nyuzi ngapi na bei ya tairi moja la mbele na moja la nyuma. Uliza kama saizi hiyo inapatikana mjini kwenu au huagizwa. Trekta hulala wiki tatu kwa mwiba mmoja.

Tano, kuinua na kufunga vifaa. Mikono ya nyuma inainua kilo ngapi? Je, plau, haro na mashine ya kukata vinaingia kwenye pini zake? Bei ya trekta bila vifaa ni bei ya nusu. Dai bei ya trekta, plau au haro, na tela, kwa pamoja na kwa maandishi.

Sita, mafuta. Pawatila inayofanya kazi hutumia takriban lita 2 kwa saa. Trekta la nguvu farasi 50 linalolima hutumia lita 5 hadi 8 kwa saa, kutegemea ugumu wa udongo na kina cha plau. Hesabu pia safari ya kwenda kununua dizeli.

Saba, vumbi na joto. Angalia kama chujio la hewa na rejeta vinafunguka kwa urahisi ili kusafishwa. Mbegu za nyasi huziba rejeta, injini ikachemka. Kwenye kazi ya nyasi, kusafisha ni kila siku.

Nane, vipuri na fundi. Hili lina uzito kuliko yote saba. Piga simu mbele ya muuzaji: duka la vipuri liko wapi, na fundi anayeijua aina hiyo anakaa wapi? Trekta la kawaida ambalo kila fundi wa mjini analijua ni bora kuliko trekta zuri la peke yake wilayani.

4. HESABU KWA NG'OMBE

Sisi hufahamu thamani vizuri zaidi tukiihesabu kwa mifugo. Huu ni mfano tu. Weka bei za mnada wenu.

Tuseme trekta dogo, haro na tela ni shilingi 36,000,000, na dume mzuri ni shilingi 900,000. Hayo ni madume 40. Tuseme mashine itadumu miaka 10. Kila mwaka imekula shilingi 3,600,000, yaani madume 4, kabla hujaweka dizeli, oili, tairi wala posho ya dereva.

Kama boma lako lina kazi ya siku 10 tu kwa mwaka, kila siku ya kazi imekugharimu shilingi 360,000 kabla ya dizeli. Kama jirani anakulimia ekari moja kwa shilingi 60,000, ekari 4 ni shilingi 240,000. Umeishalimiwa shamba zima kwa fedha isiyofika siku moja ya trekta lako.

"Lakini nitawalimia majirani." Vizuri, tuhesabu. Tuseme baada ya kutoa dizeli, dereva na matengenezo, kila ekari inakuachia shilingi 25,000. Kurudisha shilingi 3,600,000 unahitaji ekari 144 kila mwaka. Trekta dogo likilima ekari 4 kwa siku, hizo ni siku 36 bila kuharibika hata siku moja. Jiulize: udongo wenu huwa na unyevu wa kulimika kwa wiki ngapi? Majirani wana ekari hizo? Na watalipa taslimu, au watasema "baada ya mavuno" halafu mvua ikate?

Kumbuka pia kwamba mtamba huzaa na trekta halizai. Upande wa pili nao ni kweli: trekta halifi kwa ukame, na madume 40 wanaweza kufa wote. Kuuza madume mapema kabla ya ukame ni busara. Swali ni fedha hiyo iende wapi. Inaweza kuwa uzio wa alalili, mbegu za nyasi, banda la marobota, tangi la maji na kukodi trekta siku chache. Mara nyingi vitu hivyo vyote kwa pamoja huokoa ng'ombe wengi kuliko mashine moja.

5. NI LINI KUNUNUA KUNA MAANA

Fikirieni kununua kama haya yapo: maji yako mbali na mnayafuata kwa miezi mingi, kuna kazi ya kubeba mizigo nje ya msimu wa kulima, maboma kadhaa yamekubaliana kuchangia, na yupo kijana mmoja, si kumi, aliyefundishwa kuendesha na kutunza.

Mkiungana, andikeni makubaliano kabla ya kununua: nani anatangulia mvua ikinyesha, nani anaweka fedha za matengenezo, na anayetaka kutoka atalipwaje. Kikundi hakivunjiki kwa sababu ya trekta kuharibika. Huvunjika kwa zamu.

Kama ni mkopo, pita Mfuko wa Taifa wa Pembejeo au benki, uliza marejesho yanaanza lini na kama yanafuata msimu wa mauzo ya mifugo. Kwa ushauri juu ya zana, CAMARTEC iliyoko Arusha ndiyo taasisi ya serikali inayoshughulika na zana za kilimo na teknolojia za vijijini.

Na jambo la nyumbani: msiuze ng'ombe wa maziwa wala mitamba. Ng'ombe aliyegawiwa nyumba ya mama asiuzwe bila mama huyo kukubali. Maziwa yake ndiyo chakula cha watoto, na trekta halitakamwa.

6. UKINUNUA LILILOTUMIKA

Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi. Ukikuta imeshawashwa kabla hujafika, jiulize kwa nini.

Tazama moshi. Wa bluu unaodumu ni oili inayoungua. Mweusi sana ni chujio lililoziba au mfumo wa mafuta mbaya. Mweupe usioisha injini ikishapata moto ni dalili ya maji kuingia au dizeli isiyoungua.

Chomoa kipimo cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Usinunue.

Inua plau, zima injini, subiri dakika 10. Likishuka lenyewe, mfumo wa kuinua umechoka.

Jaribu breki, klachi na gia zote, kisha livutishe tela lenye mzigo. Usiridhike na mzunguko mmoja uwanjani.

Linganisha namba ya injini na ya chesisi na zile za kwenye kadi. Jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia, na uhakikishe TRA kabla ya kulipa. Nenda na fundi wako mwenyewe. Fundi wa dalali ni wa dalali.

7. USALAMA WA WATU NA MIFUGO

Shuka na shafti. Shafti ya PTO inazunguka mara tisa kwa sekunde moja. Ikishika pindo la shuka, humvuta mtu kabla hajapiga kelele. Anayefanya kazi na trekta avae suruali na shati lililobana, avue shuka, mikufu na bangili. Shafti isiyo na kifuniko isiwashwe.

Watoto. Hakuna mtoto kupanda juu ya trekta, hata kwa furaha ya siku ya kwanza. Trekta lina kiti kimoja.

Mteremko. Trekta hupinduka. Chagua lenye fremu ya kinga juu ya dereva, na mkanda ufungwe.

Nyasi za ng'ombe. Funga marobota kwa kamba ya katani. Kipande cha waya kikiliwa hukaa tumboni, hutoboa hadi kwenye moyo, na hakuna sindano ya kukitoa. Acha nyasi zikauke kabla ya kufunga, kwani zenye unyevu huota ukungu. Robota lenye mzoga wa nyoka au sungura aliyekatwa na mashine litupwe, maana linaweza kuleta sumu inayolegeza ng'ombe hadi kufa.

Ardhi. Usilime malisho ya asili kwa sababu tu trekta lipo. Udongo wa mteremko ukishalimwa huondoka na mvua ya kwanza, na panapoondoka nyasi huja magugu. Malisho ya pamoja ni ya kijiji. Kuyalima au kuyazungushia uzio ni uamuzi wa kijiji chenyewe, si wa mwenye trekta.

MASWALI YA KUJADILI BOMANI

1. Ukame uliopita tulipoteza ng'ombe wangapi, na walikufa kwa kukosa nyasi, maji au ugonjwa?
2. Trekta lingefanya nini kuzuia vifo hivyo?
3. Lina kazi ya siku ngapi kwa mwaka kwetu, bila kuhesabu ahadi za majirani?
4. Tukikodi badala ya kununua, tutabaki na ng'ombe wangapi zaidi?
5. Likiharibika wakati wa kulima, fundi yuko umbali gani?

Kama hamjapata jibu la swali la pili na la tatu, msiende bado kwa muuzaji. Msimu huu kodini trekta, zungushieni alalili, fungeni marobota yenu. Andikeni kila siku ya kazi na kila shilingi mliyolipa. Baada ya msimu mmoja daftari hilo litawaambia ukweli kuliko muuzaji yeyote.

Mleteni daftari hilo kwa afisa mifugo wa kata yenu. Tutakaa chini ya mti tuhesabu pamoja kabla hata dume mmoja hajapelekwa mnadani.